Kiambaza Kisogezwacho: Namna ya Kupanga Matini Sambamba katika Ukurasa wa Intaneti

0. Utangulizi

Mtu ahaririye matini ya Kiswahili kwa ajili ya watafiti hukabiliwa mapema na swali linaloonekana kuwa dogo: matini yenyewe iwekwe wapi, na tafsiri yake iwekwe wapi? Katika kitabu cha karatasi swali hili hujibiwa mara moja tu, na jibu hilo huwafunga wasomaji wote. Katika ukurasa wa intaneti laweza kujibiwa na kila msomaji kwa mkono wake mwenyewe, mradi aliyetengeneza ukurasa amemwachia nafasi hiyo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nafasi hiyo inavyoachwa, yaani jinsi ya kujenga ukurasa wenye sehemu mbili zilizo ubavu kwa ubavu, ambazo mpaka wake msomaji aweza kuusogeza kushoto na kulia kadiri ya haja yake.

Mpaka huo tutauita kiambaza, kwa mfano wa ule ukuta mwembamba unaogawa vyumba ndani ya nyumba. Sehemu zinazogawanywa tutaziita vidirisha. Maneno ambayo kivinjari hakiyaelewi ila yakiandikwa kwa namna moja tu tumeyaacha kama yalivyo, ndani ya alama za mtajo.

1. Matini tatu za mji mmoja

Mwaka 1965, katika mji uliokuwa bado ukiitwa Elisabethville na ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, André Yav alitunga historia ya mji huo kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Maandishi hayo, yaitwayo Vocabulaire de ville de Elisabethville, yalipigwa taipu katika Kiswahili cha Katanga kama kisemwavyo, bila kujali kanuni za tahajia sanifu. Maneno yameunganishwa au kutenganishwa kwa namna ambayo msomaji hawezi kuibashiri. Mwaka 1990 Johannes Fabian, akishirikiana na Kalundi Mango na kwa maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, aliyatoa katika kitabu kiitwacho History from Below. Ili matini ieleweke, Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, na usomaji wake ndio ulionukuliwa upya. Kwa hiyo mtafiti ana mbele yake matini tatu: maandishi ya Yav, unukuzi wa usomaji wa Kalundi Mango, na tafsiri ya Kiingereza.

Tumfikirie sasa mwanafunzi achunguzaye jinsi Yav alivyokata maneno. Huyo ahitaji maandishi ya asili na unukuzi, vyote viwili vikiwa vipana, na tafsiri ikae pembeni. Mwanahistoria anayetafuta habari za waajiri na watumishi husoma tafsiri, akirudi kwenye Kiswahili pale tu aliposhuku jambo. Mwalimu wa tafsiri hulinganisha sentensi kwa sentensi, na kwake safu zilizo sawa ndizo zifaazo. Hakuna upana mmoja utakaowaridhisha hawa wote. Tena upana si jambo la urembo. Safu nyembamba ya Kiswahili iliyobanwa kando ya safu pana ya Kiingereza humfundisha msomaji, pasipo neno lolote kusemwa, kwamba Kiswahili ni kielelezo tu na kwamba maana iko upande wa pili. Wengi hulitii funzo hilo. Baada ya kurasa mbili au tatu hawaitazami tena matini ya asili.

Kupanga matini ubavu kwa ubavu ni desturi ya kale. Katika karne ya 3 Origenes alipanga Agano la Kale katika safu sita, kazi ijulikanayo kwa jina la Hexapla. Lakini safu zake zilibaki pale mwandishi alipozichora.

2. Mpaka uliokuwapo ukatoweka

Inafaa kukumbusha kwamba mtandao wa awali ulikuwa tayari na kiambaza. Kivinjari Netscape Navigator, toleo la 2.0 la mwaka 1996, kilileta fremu: ukurasa uligawanywa katika sehemu kadhaa, kila sehemu ikibeba faili yake, na msomaji aliweza kuushika mpaka kwa kipanya na kuusogeza. Haki hiyo ilikuwa ya kila msomaji, isipokuwa pale mtengenezaji alipoiondoa kwa makusudi kwa kuandika neno "noresize". Fremu zilikubaliwa rasmi katika HTML 4.0, Desemba 1997. Baadaye zilionekana kuwa na kasoro kubwa: anwani ya ukurasa haikubadilika msomaji alipohama kutoka sura moja kwenda nyingine, hivyo hakuweza kumwelekeza mwenzake mahali hasa alipofika, na kuchapisha kwenye karatasi kulikuwa na matatizo. Katika HTML5, iliyothibitishwa mwaka 2014, zikawekwa miongoni mwa vitu visivyopaswa kutumiwa tena.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa sababu zilizotolewa. Hata hivyo uligeuza hali juu chini. Zamani mpaka ulisogea mpaka mtu auzuie. Siku hizi hausogei mpaka mtu aujenge. Na kwa kuwa kuujenga kwahitaji kazi, wengi huridhika na safu zisizosogea.

3. Gridi na neno refu

Chombo kifaacho leo ni gridi ya CSS, ambayo vivinjari vikubwa vilianza kuitambua mwezi Machi 2017. Katika sifa iitwayo "grid-template-columns" tunatangaza safu tatu: kidirisha cha kushoto, kiambaza, kidirisha cha kulia. Upana wa vidirisha huandikwa kwa kipimo "fr", maana yake fungu la nafasi iliyobaki baada ya vitu vyenye upana maalumu kuchukua chao. Vidirisha viwili vya "1fr" kila kimoja hugawana nafasi hiyo nusu kwa nusu. Kusogeza kiambaza si kingine ila kubadili namba hizo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoonyesha tabia yake. Kwa kawaida "1fr" haikubali kidirisha kiwe chembamba kuliko neno refu kuliko yote lililomo ndani yake. Katika Kifaransa jambo hilo halisumbui sana, kwa sababu maana hutawanywa katika vijineno vingi: "ils ne nous ont pas dit" ni maneno sita, na lililo refu kupita yote lina herufi nne. Kiswahili husema hawakutuambia, neno moja la herufi 13. Neno kama wasingalikutanishwa lina herufi 19, na lau mwandishi ameunganisha maneno mawili au matatu, kama ilivyo katika maandishi ya Yav, urefu huongezeka tena. Matokeo ni kwamba kidirisha cha Kiswahili kinagoma kupungua mahali fulani na kile cha tafsiri kinaendelea bila shida, na kiambaza huonekana kukwama bila sababu. Watengenezaji wengi huhangaika na kasoro hii wakiitafuta katika programu yao, kumbe imo katika kanuni ya gridi. Dawa yake ni kuandika "minmax(0, 1fr)" mahali pa "1fr" tupu. Sifuri huiambia gridi kwamba kidirisha chaweza kupungua bila kulingoja neno refu.

Lakini dawa hiyo huleta swali lingine: neno lililozidi upana wa kidirisha liende wapi? Likiachwa hivi hivi litapita juu ya kiambaza na kuingia kwa jirani. Ziko kanuni za CSS zinazoruhusu neno likatwe popote, na kwa barua au tangazo zatosha. Kwa matini ya kuchunguzwa kiisimu hazifai hata kidogo. Mwanafunzi akikuta wasingalikuta mwishoni mwa mstari na nishwa mwanzoni mwa mstari ufuatao, atajuaje kwamba mkato huo ni wa mashine wala si wa mwandishi? Twaweza kutia alama fiche ya kiungio kati ya silabi, kwani silabi za Kiswahili nyingi huishia kwa irabu na kanuni yake ni rahisi kuiandika, ila tukumbuke m na n zinazosimama peke yake kama silabi. Lakini alama hizo hunakiliwa pamoja na matini msomaji anapoichukua, na zaweza kumfanya akose neno analolitafuta. Sisi tunaona ni heri kuweka mpaka wa chini: kidirisha kisishuke chini ya upana utoshao neno refu. Herufi za kawaida huchukua kwa wastani kama nusu ya kimo cha herufi, kipimo kiitwacho "em". Basi upana wa "em" 12 hubeba maneno ya herufi 19 na kubakiza nafasi kidogo. Kwa herufi za pikseli 18, "em" 12 ni pikseli 216. Kipimo hicho kiandikwe kwa "em", kisiandikwe kwa pikseli, ili msomaji akikuza herufi mpaka wa chini nao ukue.

4. Kushika, kusogeza, kuachilia

Kiambaza husogezwa kwa matukio matatu ambayo kivinjari huitangazia programu: kidole au kipanya kimebonyeza ("pointerdown"), kinakwenda ("pointermove"), kimeachilia ("pointerup"). Majina haya hutumika sawasawa kwa kipanya, kidole na kalamu, hivyo hakuna haja ya kuandika programu mara tatu.

Wakati wa kubonyeza tunaandika jambo moja ambalo husahauliwa: umbali kati ya ukingo wa kushoto wa kiambaza na mahali hasa kilipobonyezwa. Tuuite kengeo. Ukisahauliwa, kiambaza huruka kidogo mara tu kinapoguswa. Kisha, kwa kila tukio la mwendo, twakokotoa:

uwiano = (x − ukingo − kengeo) ÷ upana

ambapo x ni mahali kipanya kilipo, ukingo ni mwanzo wa eneo lote upande wa kushoto, na upana ni upana wa eneo hilo. Tuseme eneo lina pikseli 1200, linaanza kwenye pikseli ya 40, msomaji amekishika kiambaza pikseli 3 ndani ya ukingo wake, na kipanya kimefika kwenye pikseli ya 523. Uwiano ni 480 kwa 1200, yaani 0.40. Mpaka wa chini ni 216 kwa 1200, yaani 0.18. Kama kiambaza chenyewe kina pikseli 24, mpaka wa juu ni 1 kutoa 0.18 kutoa 0.02, sawa na 0.80. Kila uwiano uliozidi mipaka hiyo hurudishwa ndani yake.

Tunahifadhi uwiano, wala hatuhifadhi pikseli, kwa sababu dirisha la kivinjari hupanuliwa na kupunguzwa. Lakini hata uwiano wahitaji uangalifu. Msomaji aliyechagua 0.25 akipunguza dirisha hadi pikseli 600, mpaka wa chini unakuwa 216 kwa 600, sawa na 0.36, na kidirisha lazima kionyeshwe kwa 0.36. Je, tufute ile 0.25? La. Hayo ndiyo aliyoyataka, 0.36 ni kile nafasi ilichoruhusu. Viwili hivyo viwekwe mahali tofauti, ili dirisha likipanuliwa tena kiambaza kirudi pale msomaji alipokiacha. Chaguo lake laweza kutunzwa katika hifadhi ya kivinjari hadi siku nyingine, na kuandikwa kufanyike wakati wa kuachilia tu.

Bado kuna mitego miwili. Mmoja ni wa picha za maandishi ya asili, ambazo mara nyingi huletwa katika fremu ya ndani itokayo kwenye hifadhi ya mbali. Kipanya kikiingia juu ya fremu hiyo, matukio ya mwendo huenda kwake, na kiambaza chabaki kimesimama njiani. Amri "setPointerCapture", ikitolewa wakati wa kubonyeza, hukifanya kiambaza kipokee matukio yote hadi kuachiliwa. Mwingine ni wa kidole: kivinjari hudhani kuwa msomaji ataka kuvuta ukurasa, nacho huikatiza kazi yetu. Sifa "touch-action" ikipewa thamani "none" juu ya kiambaza huondoa dhana hiyo. Iwekwe juu ya kiambaza peke yake; ikiwekwa juu ya eneo zima msomaji hataweza kuvuta matini kwa kidole.

Na kwa matini za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama zile nyaraka za Kongo za mwisho wa karne ya 19 zilizomo katika hifadhi za Ubelgiji, mwelekeo wa kulia kwenda kushoto utangazwe katika kidirisha chenye hati hiyo tu. Ukitangazwa katika eneo zima, gridi yenyewe hugeuka, safu ya kwanza huenda kulia, na hesabu yetu inayoanzia ukingo wa kushoto husogeza kiambaza upande usiotakiwa.

5. Mahali msomaji alipokuwa amefika

Jambo hili ndilo linalotenganisha ukurasa unaosomeka na ule unaochosha, nalo halielezwi sana. Kidirisha kikipungua, mistari yake huwa mifupi na mingi, na matini yote huwa ndefu. Aya iliyokuwa mbele ya macho husukumwa chini. Msomaji aliyesogeza kiambaza ili aione vizuri sentensi fulani huipoteza sentensi hiyo hiyo.

Basi kabla ya kubadili upana, programu iangalie ni aya ipi iliyo juu kabisa ya kidirisha, na imeanzia umbali gani kutoka ukingo wa juu. Baada ya kubadili, matini ivutwe hadi aya hiyo irudi umbali ule ule. Kazi ni ndogo, kama mistari kumi ya programu, lakini yahitaji kila aya iwe na alama yake ya kuitambulisha. Mhariri aliyekwisha kuzipa aya namba hana la kuongeza.

Namba hizo hutatua pia suala la vidirisha kwenda pamoja. Ni kosa kuvifanya vivutwe kwa pikseli sawa au kwa asilimia sawa, kwani Kiswahili na tafsiri yake havirefuki kwa kiwango kimoja. Ukifika katikati ya kitabu, upande mmoja utakuwa umetangulia. Viende kwa aya: aya ya 40 ikifika juu upande huu, aya ya 40 ipandishwe upande wa pili. Pengine njia iliyo bora kwa matini zilizokwisha kulinganishwa sentensi kwa sentensi ni kuacha vidirisha viwili vyenye mvuto wao, na badala yake kuweka kila jozi katika mstari mmoja wa gridi. Hapo mvuto ni mmoja, jozi hazitengani kamwe, na kiambaza hubadili upana wa safu zote kwa mara moja. Vidirisha vyenye mvuto wake tuviweke kwa picha na unukuzi, ambavyo havina jozi za sentensi.

Je, matini ipangwe upya wakati kiambaza kingali kikienda, au baada ya kuachiliwa? Skrini nyingi huchorwa mara 60 kwa sekunde, na kitabu kizima kilichowekwa katika ukurasa mmoja chaweza kuilemea kompyuta ya zamani. Katika hali hiyo twaweza kuonyesha mstari mwembamba unaofuata kipanya na kupanga matini mwishoni. Pale mashine inapomudu, tunapendelea matini ipangwe papo hapo, kwa sababu msomaji hajui apendacho kwa hesabu. Hukijua anapoona mstari wa Kiswahili umekatika mahali pazuri, ndipo akaachilia.

6. Wasiotumia kipanya

Kiambaza kinachosogezwa kwa kuburuta tu huwaacha nje watu wengi: mwenye mkono unaotetemeka, mwenye kipanya kilichoharibika, mwenye uoni hafifu aliyekuza herufi hadi kiambaza kimetoka machoni pake. Kanuni za WCAG 2.2, zilizotolewa Oktoba 2023, zataka kila jambo lifanywalo kwa kuburuta liwezekane pia kwa kubonyeza tu, na kitu cha kubonyezwa kiwe na angalau pikseli 24 kwa 24, ingawa zipo hali zilizosamehewa. Kwa hiyo mstari uonekanao waweza kuwa mwembamba wa pikseli 2, lakini eneo lipokealo kidole liwe pana, na kando yake viwepo vitufe viwili vya kupanua na kupunguza.

Kwa kibodi, kiambaza kipewe uwezo wa kufikiwa kwa kitufe cha kuruka na kitambulishwe kwa wajibu "separator", kikiwa na jina lake, thamani yake ya sasa ("aria-valuenow"), ya chini na ya juu. Katika mfano wetu 40, 18 na 80. Mishale ya kushoto na kulia hukisogeza hatua kwa hatua, na kitufe cha kuingiza hukikunja kidirisha chote na kukirudisha. Mwelekeo wake utangazwe kuwa wa wima, kwa maana kisipotangazwa hudhaniwa kuwa kimelala.

Mtu aweza kuuliza kipofu ana haja gani na upana wa safu. Kwa upana hana. Lakini kukunja kidirisha kwamfaa sana, maana humwondolea lugha asiyoitaka kwa wakati huo. Lenye uzito zaidi kwake ni kwamba kila kidirisha kitaje lugha yake, ili programu isomayo kwa sauti isikisome Kiswahili kwa matamshi ya Kifaransa. Orodha ya kimataifa ISO 639-3 hukipa Kiswahili cha Kongo alama yake, "swc", mbali na "swh" ya Kiswahili cha pwani. Mhariri wa Vocabulaire ana sababu nzuri ya kuitumia.

7. Skrini nyembamba

Vidirisha viwili vya pikseli 216 na kiambaza cha 24 vyahitaji pikseli 456. Simu nyingi, zikishikwa wima, hazifiki hapo, na wanafunzi wengi husoma kwa simu. Chini ya kiwango hicho tusijaribu kuvibana. Kiambaza kiondolewe, na kila aya ya Kiswahili ifuatwe chini yake na tafsiri yake, ikiwa imefichwa hadi msomaji aiguse. Ni lugha gani ionekane kwanza? Tunasema ni ile ya mwandishi.

Mpangilio huo wa aya chini ya aya ndio pia utumwe kwanza kutoka seva, kabla ya programu yoyote kufika. Mtandao ukikatika katikati, msomaji atakuwa na matini kamili mkononi, na kitakachokosekana ni kiambaza tu. Programu yote iliyoelezwa hapa haizidi mistari mia mbili na haihitaji maktaba za nje, ambazo mara nyingine huwa nzito kuliko matini yenyewe. Wakati wa kuchapisha kwenye karatasi, kiambaza na vitufe vyake vifichwe, na safu zitoke kwa uwiano ule msomaji aliouchagua.